Mawe yenye maandishi ya Kiluwi: maswali ambayo watu wananiuliza kila siku

Haya mawe nimekuwa nikiyahadithia watu miaka kadhaa sasa, na maswali yanajirudia yale yale, kwahiyo nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja. Kuna majibu marefu na kuna mafupi, inategemea na swali lenyewe.

Kwanza kabisa, ni mawe gani hayo?

Ni mawe yaliyochongwa maandishi ya picha, yaani hieroglifi, na watu wa zamani wa Anatolia, yaani Uturuki ya leo, na wa kaskazini mwa Syria. Mengine ni nguzo za kusimamishwa, mengine ni vibao vikubwa vilivyopangwa ukutani kwenye mageti ya miji, na mengine hayajakatwa popote, ni mwamba wa mlima vile vile ulivyo, mtu kapanda akachonga hapo hapo. Lugha iliyoandikwa ni Kiluwi. Ukichukua mawe makubwa yaliyobaki mpaka leo, mengi ni ya kati ya mwaka 1300 hivi KK na 700 KK, kwahiyo unaongelea kitu chenye miaka karibu elfu tatu na zaidi, na bado unaweza kwenda ukasimama mbele yake.

Hieroglifi si za Misri hizo?

Hapana, hazina uhusiano. Neno ni hilo hilo kwa sababu Wazungu walipoziona mara ya kwanza waliona picha picha wakafikiria Misri, lakini huu ni mwandiko mwingine kabisa, uliozaliwa Anatolia kwenyewe. Una alama kama 500 hivi. Nyingine zinawakilisha neno zima, nyingine silabi. Mfalme anaandikwa kwa kofia ndefu yenye ncha, nchi kwa vilele viwili vya milima, mungu kwa umbo la yai lililogawanywa katikati. Ukizoea alama kumi tu za namna hiyo unaanza kuona kitu kwenye jiwe ambalo jana lilikuwa mikwaruzo tu.

Waluwi ndo akina nani? Ni Wahiti?

Ni ndugu. Kihiti na Kiluwi ni lugha za familia moja, kama unavyosikia Kisukuma na Kinyamwezi, mtu anasikia kwamba zinakaribiana ila sio lugha moja. Wahiti walikuwa na dola kubwa, makao makuu Hattusa, karibu na Boğazkale ya leo katikati ya Uturuki. Barua zao na sheria zao waliandika kwa mwandiko wa kabari, yaani alama zenye umbo la kabari zilizogandamizwa kwenye vibao vya udongo, lakini wakitaka kuandika kitu hadharani, kwenye jiwe, watu wote wakione, walitumia hieroglifi na lugha ikawa Kiluwi. Hilo lilinishangaza sana nilipolisoma mara ya kwanza maana ni dola ya Wahiti halafu maandishi ya ukutani ni ya lugha nyingine, ila ukifikiria inaeleweka, Kiluwi ndo kilikuwa lugha ya watu wengi kusini na magharibi ya nchi.

Dola ikaanguka karibu mwaka 1180 KK. Mwandiko wa kabari wa Kihiti ukafa nayo. Hieroglifi hazikufa! Zikaendelea karibu miaka 500 mingine kwenye vifalme vidogo vidogo: Karkemishi, Malatya, Hamathi, Tuwana, Adana na vingine, na kwa kweli mawe mengi mazuri tuliyonayo ni ya kipindi hicho.

Kwahiyo ni Wahiti wale wa kwenye Biblia?

Wanahusiana ndio. Uria Mhiti mnamjua, na Efroni Mhiti aliyemuuzia Ibrahimu pango la Makpela. Kwa muda mrefu wasomi walidhani Wahiti ni kabila dogo tu la huko Kanaani maana hakuna aliyekuwa amewaona popote nje ya Biblia. Na kile Kitabu cha Pili cha Wafalme kinaposema "wafalme wa Wahiti" kwa wingi, hao ndo wanaolingana na vifalme vidogo nilivyotaja hapo juu. Karkemishi ya Yeremia ni mji huo huo ambao mawe yake nitayaongelea chini.

Yaligunduliwaje?

Hapa nivumilieni kidogo maana ndo stori yangu ninayoipenda. Mwaka 1812 Mswisi mmoja, Johann Ludwig Burckhardt, alikuwa anazunguka nchi za Waarabu kwa jina la Sheikh Ibrahim, akapita Hama kule Syria, na sokoni akaona kwenye kona ya nyumba kuna jiwe lenye michoro midogo midogo, akaandika kwamba inaonekana ni aina ya hieroglifi ila hazifanani na za Misri. Basi. Kitabu chake kikatoka 1822 na hakuna aliyehangaika nalo kwa karibu miaka hamsini.

Mwaka 1870 Wamarekani wawili wakayaona tena lakini watu wa Hama wakawazuia wasinakili. Na watu wa Hama walikuwa na sababu, maana moja ya mawe hayo waliamini linatibu, mtu mwenye maradhi ya mgongo alikuwa analala juu yake apone. Kwao halikuwa jiwe la zamani la makumbusho, lilikuwa tiba ya mtaani. Mwaka 1872 mmisionari kutoka Ireland, William Wright, aliyekuwa anaishi Damascus, akaja na gavana wa Syria, Subhi Pasha, wakayatoa ukutani. Mji ukachafuka. Usiku vikaonekana vimondo angani, watu wakasema hii ni ishara mbaya, mawe yarudishwe, na gavana akawajibu kwamba nyota zenyewe zimeshangilia. Mawe yakapelekwa Istanbul na nakala za plasta zikapelekwa Uingereza.

Mimi naelewa faida iliyopatikana kwa elimu, lakini kila nikiisoma hiyo stori nawafikiria wale waliokuwa wanalilalia lile jiwe. Wao ndo waliolitunza ukutani karne zote hizo bila kujua hata herufi moja, na siku linaondoka hakuna aliyewauliza.

Jiwe la Hama lenyewe linasema nini sasa?

Linasema habari ya ujenzi. Mawe matatu ni ya mfalme Uratami, mtoto wa Urhilina mfalme wa Hamathi, karne ya 9 KK. Anasema ngome hii nimejenga mimi, halafu kila jiwe linataja watu wa sehemu gani ndo waliojenga kipande hiki. Yaani wa bonde fulani kipande chao, wa mto fulani chao. Huyo baba yake Urhilina tunamjua pia kutoka kwa Waashuru, alikuwa mmoja wa wafalme walioungana kupigana na Shalmaneseri wa Tatu kule Qarqar mwaka 853 KK.

Ni kweli Herodoto aliwahi kuyaandika?

Huyo Mgiriki wa zamani, mwandishi wa historia, aliandika moja na akakosea. Kuna mchongo mlimani panaitwa Karabel, karibu na Izmir, mtu ana upinde na mkuki amesimama ndani ya mwamba. Herodoto akasema huyo ni Farao Sesostri wa Misri, na maandishi yanasema ameiteka nchi hii kwa mabega yake. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1998 J. D. Hawkins, mtaalamu wa Kiluwi, akachapisha usomaji wake: ni Tarkasnawa, mfalme wa Mira, mfalme wa huko huko. Na kwenye jina lake kuna alama ya kichwa cha punda.

Pale Karabel kulikuwa na michongo mingine jirani, ikapotea kwenye upanuzi wa barabara kati ya mwishoni mwa miaka ya 70 na mwanzoni mwa miaka ya 80. Nitarudi kwenye hili.

Yanasomwaje? Kushoto kwenda kulia au kulia kwenda kushoto?

Yote mawili. Umeshaona ng'ombe wa plau shambani? Anaanza upande huu, akifika mwisho wa shamba anageuka anarudi upande ule, hainuliwi akarudishwa mwanzo. Mstari wa kwanza kwa kawaida unaanza kulia, unaofuata unaanza kushoto, unaofuata kulia. Utajuaje uko upande gani? Angalia wanyama na nyuso. Zinatazama mwanzo wa mstari, kwahiyo wewe unasoma kuelekea kwenye nyuso, unakutana nazo uso kwa uso. Halafu ndani ya mstari mmoja alama zinapangwa juu kwa chini, mbili tatu nne, ndo unasogea.

Mara nyingi jiwe linaanza na kichwa cha mtu na mkono wake ameunyoosha usoni kwake mwenyewe. Hiyo inasomeka "amu", maana yake "mimi". Wallahi mara ya kwanza nilipoielewa hiyo alama nilikaa kimya, maana ndo ishara tunayofanya mpaka leo, mtu anaulizwa nani, anajinyooshea kidole: mimi hapa. Mfalme wa miaka elfu tatu iliyopita anafungua mazungumzo na wewe kwa kujinyooshea mkono.

Naweza kuandika jina langu?

Inategemea unaitwa nani, ila Waswahili tuna bahati. Silabi nyingi za mwandiko huu ni konsonanti moja na vokali moja, na maneno yetu ndivyo yalivyo, yanaishia na vokali. Mtu wa Ulaya mwenye jina la konsonanti nne mfululizo anapata tabu sana, wewe Musa ni mu-sa umemaliza. Amina ni a-mi-na. Tatu ni ta-tu. Shida ni vokali, kuna a, i na u tu, kwahiyo Rose na Hosea itabidi mjadiliane. Na t na d haitofautishwi, Zawadi unaandika za-wa-ti na msomaji ajue mwenyewe. Alama ya "wa" ndo hiyo hiyo ya "wi".

Kwenye kompyuta alama zipo rasmi tangu 2015, Unicode, wale wanaopanga herufi za kompyuta dunia nzima, waliingiza alama 583, inabidi tu uwe na fonti yake.

Nani aliyefumbua huu mwandiko?

Sio mtu mmoja, na ilichukua muda mrefu sana. Msomi Mwingereza Archibald Sayce alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema kwa sauti kwamba hizi ni za Wahiti, kati ya 1876 na 1880, halafu miaka ya 1930 watu kama Gelb, Meriggi, Bossert, Forrer na Hrozný kila mmoja akasukuma kidogo. Ila walikuwa wanasukuma gizani kwa sababu hapakuwa na maandishi marefu ya lugha mbili. Kila mtu anataka jiwe ambalo limeandikwa kitu kile kile kwa lugha inayojulikana.

Likapatikana Karatepe, 1946. Na lilipatikana kwa sababu ya mwalimu wa shule! Helmuth Bossert na msaidizi wake, Halet Çambel, walikuwa wanazunguka kusini mwa Uturuki wakasikia habari za jiwe la simba huko milimani, na mwalimu wa Kadirli, Ekrem Kuşçu, ambaye alikuwa ameshaliona miaka mingi kabla, ndo aliyewaelekeza. Wakafika wakakuta mageti mawili ya ngome ya karne ya 8 KK, na pande zote mawe yamechongwa, maandishi ya Kifoinike na ya Kiluwi, habari ile ile. Kifoinike, lugha ya watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, kilikuwa kinasomeka. Ndo mlango ukafunguka.

Bado kulikuwa na alama chache zilizokuwa zinasomwa vibaya, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hawkins, Anna Morpurgo Davies na Günter Neumann wakazirekebisha. Alama zilizokuwa zinasomwa "i" kumbe ni "zi" na "za", na hapo ghafla Kiluwi cha kwenye mawe kikafanana na Kiluwi cha kwenye vibao vya kabari. Vitabu vya kabla ya hapo ukisoma majina utakuta tofauti, usishangae.

Huyo Halet Çambel ni nani? Jina lake nalikuta kila mahali.

Mwanamke niliyemheshimu sana. Alizaliwa 1916. Mwaka 1936 alienda Olimpiki ya Berlin kwenye mchezo wa upanga, yeye na mwenzake Suat Aşeni, miongoni mwa wanawake wa kwanza Waislamu kushiriki Olimpiki, na walipoambiwa wakatambulishwe kwa Hitler wakakataa. Baadaye akaja Karatepe na hakuondoka. Miongo na miongo, mpaka uzeeni. Alifariki 2014.

Kikubwa alichofanya: mawe yalipotolewa ardhini, mazoea yalikuwa unapakia kwenye lori unapeleka mjini makumbusho. Yeye akakataa. Akasema yabaki pale yalipochongwa. Vipande vikaunganishwa kimoja kimoja, likajengwa paa la zege juu yake alilolisanifu Turgut Cansever, ikawa makumbusho ya wazi msituni, na lilipopangwa bwawa la kuja kufunika sehemu ya bonde alipambana mpaka kiwango cha maji kikashushwa. Watu wa vijijini pale aliishi nao, walifanya nae kazi. Ukilinganisha na Hama ya 1872 unaona mimi nasimama upande gani.

Hilo jiwe la Karatepe linasema nini?

Anayeongea ni Azatiwada, mtumishi wa mungu Tarhunza, chini ya mfalme wa Adana. Anaanza: mimi ni Azatiwada. Anasema ameongeza farasi juu ya farasi, ngao juu ya ngao, jeshi juu ya jeshi, ghala zimejaa. Hayo wafalme wote wanasema.

Lakini kuna sehemu moja. Anasema zile sehemu ambazo zamani watu walikuwa wanaziogopa, ambapo hata mwanaume alikuwa anaogopa kupita njiani, siku zangu mimi wanawake wanatembea huku wanasokota nyuzi. Hebu pata picha. Mwanamke anatembea njia ya porini, kijiti cha kusokotea kiko mkononi, macho yako kwenye uzi, hatazami nyuma. Kiongozi alitafuta kipimo cha amani akaona hicho, na mimi kwa maoni yangu hakuna kiongozi aliyepata kipimo kizuri zaidi ya hicho. Mtu yeyote aliyemsubiri dada yake arudi salama usiku anaelewa kilichoandikwa pale.

Na mwisho anaomba jina lake lidumu kama jina la jua na mwezi.

Ni kweli yana laana?

Mengi yanayo ndio, mwishoni. Ila sio laana za filamu, hakuna mzimu unaofukuza wageni. Ni ulinzi wa jina. Azatiwada anasema mfalme yeyote au mtu mwenye jina atakayefuta jina lake kwenye geti hili akaweka lake, miungu imfutilie mbali ufalme wake na yeye. Kwahiyo wewe unayekuja kusoma hauna shida, umekuja kufanya anachotaka, kutamka jina lake.

Wote ni wafalme wanaojisifu tu?

Wengi ndio, lakini kujisifu kwenyewe kuna utamu wake. Mchukue Yariri wa Karkemishi, karne ya 8 KK. Hakuwa mfalme, alikuwa mlezi wa ufalme mpaka watoto wa bwana wake wakue. Anajisifia nini? Elimu. Anasema anajua miandiko minne na lugha kumi na mbili, na kwamba bwana wake alimkusanyia watoto wa kila nchi waliokuwa wanasafiri ili ajifunze lugha zao. Sisi watu wa bandarini na mipakani huyu tunamwelewa haraka, mtu amejifunza lugha kwa kukaa na wageni wanaopita.

Halafu kuna wakulima wa zabibu. Nguzo ya Sultanhan ilisimamishwa na mtumishi wa mfalme Wasusarma kwa ajili ya Tarhunza wa Shamba la Mizabibu, na inasema mungu alipokuja ngano ikachipua miguuni pake na mzabibu pia. Sasa nenda İvriz, kwenye chemchemi karibu na Ereğli. Mwamba mkubwa, Tarhunza amechongwa zaidi ya mita nne, mkono mmoja vichala vya zabibu mwingine masuke ya ngano, na mfalme Warpalawa wa Tuwana amesimama mbele yake, mdogo, mikono ameiweka pamoja, nguo imejaa nakshi. Ni sentensi ile ile, hapa imechorwa na kule imeandikwa, na maji yanatoka mlimani hapo hapo chini.

Watu wa kawaida walikuwa wanaandika pia?

Wapo waliokuwa wanaandika mambo ya kila siku kwenye vipande vyembamba vya risasi, madini ya risasi namaanisha. Kule Kululu zimepatikana orodha, nani ana kondoo wangapi, nani amepewa nini. Na Ashuru zilipatikana barua za biashara za namna hiyo zimekunjwa. Kwa hiyo tunachokiona leo ni mawe kwa sababu mawe ndo yanayodumu.

Nilisikia mkulima aliokota jiwe la mfalme mkubwa, ni kweli?

Ni kweli, 2019. Kule Türkmen-Karahöyük mkoa wa Konya kulikuwa na timu ya wanaakiolojia inapima eneo, ikiwemo Chuo Kikuu cha Chicago, mkulima wa pale akawaambia kuna jiwe la ajabu kwenye mfereji wa umwagiliaji. Wakaenda, jiwe nusu liko majini, wakaingia na viatu vyao wakaona alama. Ni Mfalme Mkuu Hartapu, anasema ameishinda nchi ya Muska, yaani Frigia, na kwamba wafalme kumi na tatu walishindwa ndani ya mwaka mmoja. Hartapu alikuwa anajulikana toka zamani kwenye milima ya Kızıldağ na Karadağ ila mji wake haukujulikana. Mkulima akaunyooshea kidole.

Jina la Syria limetokana na Ashuru?

Kuna jiwe linaloongelea hilo karibu moja kwa moja. Mwaka 1997 Çineköy, karibu na Adana, ilipatikana sanamu ya Tarhunza juu ya gari la kukokotwa na ng'ombe, imeandikwa Kifoinike na Kiluwi. Sehemu ambayo Kifoinike kinasema Ashuru, Kiluwi kinasema Sura. Yaani matamshi mafupi yalikuwepo tayari karne ya 8 KK, watu wa huko huko wanaliandika. Wasomi wengi wanaona limemaliza ubishi.

Na lile la Beyköy lililosambaa 2017, lenye stori ya Troia?

Msilitumie. Jiwe lenyewe hakuna aliyewahi kuliona, ilikuwa ni nakala ya michoro kutoka kwenye makaratasi ya mwanaakiolojia James Mellaart, aliyefariki 2012. Watafiti Eberhard Zangger na Fred Woudhuizen wakaitoa mwishoni mwa 2017, wataalamu wengi wakatilia shaka, na 2018 Zangger mwenyewe akatangaza kwamba amekuta nyumbani kwa Mellaart ushahidi kuwa alikuwa anaghushi nyaraka. Hilo linaniuma kwa kweli, maana mtu akishadanganywa mara moja anaanza kutilia shaka na ya kweli.

Ya Troia ya kweli ipo, ndogo tu: muhuri wa shaba uliochimbwa 1995, wenye hieroglifi za Kiluwi, upande mmoja jina la mwandishi na upande wa pili la mwanamke. Ndo hicho.

Ndani ya hayo mawe kuna dhahabu?

HAKUNA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu uvumi huu unaua mawe. Kuna watu wanaamini alama ni ramani ya hazina, mnyama anatazama kule basi dhahabu iko kule, au jiwe lenyewe ni mlango. Wanakuja usiku na nyundo na moto na baruti. Ule mchongo wa Karabel niliousema, uliokuwepo toka karne ya 13 KK, ukapita Herodoto, ukapona upanuzi wa barabara, 2019 ukaharibiwa na watafuta hazina. Nimeshawaambia wanyama wanatazama wapi. Wanatazama mwanzo wa sentensi.

Kwa nini mwandiko ukafa?

Waashuru walimeza vifalme kimoja kimoja, Hamathi 720 KK, Karkemishi 717 KK, na wenye kuagiza mawe wakaisha. Alfabeti ya Kiaramu ilishaingia, rahisi, herufi ishirini na mbili. Mpaka kufika 700 KK hivi hakuna tena.

Nataka kwenda kuona, nianzie wapi?

Ukiwa London, British Museum kuna mawe ya Karkemishi, na kwenye uchimbaji wa huko wa kuanzia 1911 walikuwepo Leonard Woolley na T. E. Lawrence, yule wa Arabia. Karkemishi kwenyewe iko mpakani kabisa Uturuki na Syria, miaka mingi ilikuwa na mabomu ya ardhini. Istanbul kuna yale ya Hama. Ila ukipata nafasi moja tu nenda Ankara, makumbusho ya Anatolia, utafute ukuta wa Yariri. Amemshika mkono kijana Kamani, mrithi, na nyuma yao wamechongwa wadogo zake wanacheza, wengine vifupa kama sisi tulivyocheza mdako, mwingine anazungusha pia, ile ya kuchezea. Na maandishi yanasema huyu ni Kamani na hawa ni wadogo zake.

Kwa yale ya nje, Karatepe na İvriz na ule mwamba wa Nişantaş kule Hattusa wenye mistari 11 iliyoliwa na mvua, usiende saa sita mchana, jua likiwa utosini hauoni kitu, jiwe linakuwa bapa. Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa limelala pembeni kila alama inajitupia kivuli chake na yule jamaa anayejinyooshea mkono unamwona toka mbali.